Mwanangu aliendesha gari akiwa amekunywa mbege. Desemba tunarudi tena Marangu, naomba ushauri

Mama_Tegeta:

Habari zenu wanajukwaa. Nimeiandika hii mara tatu nikafuta. Leo naituma kwa sababu Oktoba imeshaingia na nyumbani wameanza kuulizana nani atapanda gari la nani kwenda Moshi.

Tunaishi Tegeta, nina watoto watatu. Mume wangu ni wa Marangu, kwa hiyo kila Desemba tunapanda kama wenzetu wote. Naipenda safari ile, nisieleweke vibaya. Mama mkwe wangu ananipenda na mimi nampenda.

Krismasi iliyopita mkubwa wangu alikuwa na miaka 16. Baba yake alimfundisha gari Jumapili asubuhi kwenye kiwanja cha mpira huku kwetu, IST ya otomatiki, na mimi nilikuwa nakaa pembeni nampigia makofi. Tarehe 26 jioni wanaume walikuwa wamekaa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, inazunguka, baba yake mdogo akampa kata akamwambia anywe kama mwanaume. Niliona. Nilicheka. Baadaye akapewa nyingine na nyingine, hizo sikuziona. Saa mbili usiku soda zikaisha. Baba mdogo yule yule akamrushia funguo: nenda Himo ulete kreti mbili. Watoto watano wakarukia ndani.

Mimi nilikuwa jikoni kwa mama mkwe. Walirudi nimeshalala. Asubuhi nakwenda kuchota maji, naikuta gari imepakiwa vibaya, bampa la mbele limelegea upande mmoja na kipande cha jani la mgomba kimenasa kwenye taa. Nikauliza. Nikaambiwa waligusa ukingo wakipishana na lori. Binti wa shemeji, ana miaka 13, mdomo umevimba. Akasema ameteleza kwenye ngazi. Nikaamini yote mawili.

Mwezi wa sita binti huyo alikuja likizo kwetu. Tulikuwa tunachambua mchele, yeye na mimi tu, ungo uko katikati. Akaanza kulia bila kuguswa. Ndipo akaniambia. Wakishuka Himo, kwenye kona, bodaboda isiyo na taa ikatokea mbele yao. Mwanangu akakata usukani, gari ikaruka mtaro ikaingia kwenye migomba ya watu, ikazimika. Yeye alikuwa amepakatwa siti ya nyuma, akagonga meno kwenye kichwa cha mwenzake. Anasema kimya kilikuwa kirefu, halafu wakasikia maji. Chini ya ile migomba kulikuwa na korongo la mto, na gari ilisimamishwa na migomba mitatu.

Mwanangu akashuka akatapika. Mwenye bodaboda akarudi, akaita vijana, wakaisukuma gari, wakapewa hela yote ya soda. Binti akasema tumpigie baba. Mwanangu akajibu: "Baba ataniua." Basi akakaa tena kwenye usukani, na harufu ile ile mdomoni, akawapandisha wote watano mpaka nyumbani.

Hapo ndipo ninapokwama. Alipata ajali akiwa amelewa, halafu akaona heri aendeshe tena amelewa kuliko kutupigia simu sisi.

Nilimwambia mume wangu, akanyamaza siku nzima kisha akasema yamepita. Shemeji akasema vijana wote hupitia hayo. Mwanangu sasa ana miaka 17, hajui kama ninajua. Nifanye nini naye? Na hawa watu wazima nifanye nao nini, ilhali mimi ni mke aliyeolewa pale na sitaki kuwa yule anayeharibu sikukuu ya ukoo?

---

Mzee_wa_Kirua:

Mama, pole sana. Mtoto mwache kwanza. Wa kuwekewa kikao ni shemeji yako, na kikao akiitishe mume wako, si wewe. Gari ni miaka 18 na leseni mkononi. Kumpa mtoto wa miaka 16 funguo ni kosa hata angekuwa amekunywa maziwa tu.

La pili nalisema kama mtu niliyezaliwa huko juu. Msiitupie mbege lawama yote. Baba zetu walitupa kata tukiwa wadogo kuliko huyo wako, lakini tulirudi nyumbani kwa miguu. Ukipepesuka unaegemea mgomba, ukianguka unaamka na tope. Mbege ni pombe ya watu wanaotembea. Barabara ya lami ilipofika mpaka mlangoni na kila nyumba ikawa na magari matatu kutoka Dar, hatukukaa chini tukaulizana desturi ile tutaiwekaje. Tuliendelea tu kama vile bado tunarudi kwa miguu.

---

Nesi_wa_Zamu:

Dada, nimefanya kazi ya unesi mapokezi ya majeruhi huku Kaskazini miaka tisa, na wiki ya mwisho ya Desemba naijua. Naongeza mambo ambayo mzee hapo juu hajayagusa.

Chupa ya bia imeandikwa asilimia ubavuni. Kata ya mbege haijaandikwa kitu. Ni ndizi zilizochemshwa, kimea cha ulezi na gome la msesewa, inaendelea kuchacha kila siku inayokaa. Iliyonywewa tarehe 24 siyo ile ya tarehe 26, hata kama imetoka pipa moja. Mtu mzima aliyeizoea anaonja anajua. Mtoto wa Tegeta atajuaje? Kwake ni tamu na chachu kama uji, anamaliza kata nzima kwa kiu.

Sheria yetu inaweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi kwenye mililita 100 za damu kwa dereva wa kawaida. Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi 50, na kwa madereva vijana au wapya 20. Tofauti hiyo ina sababu. Kijana bado anajifunza kuendesha, kila kitu anakifanya kwa kufikiri, na pombe inaanza kwa kuharibu kufikiri. Mtu wa miaka 40 mkono wake unajua njia hata kabla ya kichwa, na bado anakufa. Halafu muweke kijana huyo na binamu watano wanaoimba nyuma.

La mwisho ndilo lililonifanya niandike. Unasema walipiga vichwa, halafu wakaenda kulala. Dada, mtu aliyekunywa na kugonga kichwa hatupaswi kumwacha "alale pombe iishe". Kusinzia, kutapika, maneno kuvurugika: hizo ni dalili za ulevi na ni dalili hizo hizo za damu kuvujia ndani ya fuvu. Hata sisi hospitali hatuwezi kutofautisha kwa macho. Nimepokea kijana aliyeletwa saa nne asubuhi, ndugu zake wakasema "tulijua amelewa tu." Mboni moja ilikuwa imeshapanuka. Sitaendelea.

Likitokea, hospitali usiku huo huo, na mueleze ukweli kwamba amekunywa. Msifiche kwa kuogopa polisi. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, itapatikana, hilo lina njia yake.

---

Mama_Tegeta:

Nesi, nimesoma hiyo ya kulala nikainuka kwenye kiti. Usiku ule wote sita walilala chumba kimoja, mlango umefungwa, na sisi hatukujua lolote.

---

Kutoka_Njombe:

Mama, nimesoma tangu jana bila kujibu. Nitajibu kwa sababu ya neno moja uliloandika, "baba ataniua."

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka 17. Kwetu si mbege, ni ulanzi. Mvua zikianza, mianzi inakatwa ncha, utomvu unakingwa, asubuhi ni mtamu kama juisi na jioni umeshakuwa kitu kingine. Nilichukua pikipiki ya kaka yangu. Tulikuwa watatu, mshikaki, mimi mbele. Kofia ngumu ilikuwa moja na nilikuwa nimeitundika kwenye mkono wangu kama kikapu.

Watu wakisikia ajali ya ulevi wanadhani dereva hakuona. Mimi niliona. Barabara kuu, giza, ukungu mwepesi. Taa yangu ikamulika matawi ya miti yamelazwa barabarani. Kila mtu Tanzania anajua maana ya matawi barabarani: mbele kuna lori limeharibika. Nilijua. Nakumbuka kabisa nikisema moyoni, lori. Nakumbuka nikiyapita matawi ya kwanza, nikasikia yanavunjika chini ya tairi, tena nikayapita ya pili. Neno lilikuwa limeshafika kichwani lakini mkono haukupokea. Ilikuwa kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Nilipoanza kushika breki nilikuwa nasoma maandishi ya nyuma ya lile lori.

Aliyekuwa katikati alikatwa mguu chini ya goti. Wa nyuma alifariki pale pale. Alikuwa rafiki yangu tangu darasa la pili. Mimi nilivunjika mkono na mbavu mbili, nimepona, nafanya kazi, nina mtoto.

Sasa sikiliza, mama. Simu ilikuwa mfukoni. Tukiwa bado kilabuni, yule rafiki yangu aliyefariki alisema, mpigie kaka yako atufuate. Nilikuwa na salio. Nilikuwa na chaji. Kaka angekuja, nina hakika leo kama ninavyojua jina langu. Lakini nilifikiri: pikipiki nimeichukua bila ruhusa, nanuka ulanzi, nitapigwa mbele ya wenzangu. Nikapima kipigo na barabara, nikaona barabara ni nyepesi. Mtoto wa miaka 17 hupima hivyo. Kipigo amewahi kukiona. Kifo hajakiona.

Kwa hiyo usianze na funguo. Anza kumwambia kwamba unajua. Mwambie binti hakumchongea, alikuwa analia. Usipaze sauti. Halafu mwambie hivi, na baba yake awepo: saa yoyote, mahali popote, ukiwa umekunywa au aliyekubeba amekunywa, piga simu, nitakuja, na usiku huo hakuna atakayekuuliza swali. Kesho yake baada ya chai tutaongea. Na siku akipiga, mama, nakuomba uishike hiyo ahadi hata kama umekasirika mpaka unatetemeka. Ukiivunja mara moja hatapiga tena.

Mama wa yule rafiki yangu anauza mbogamboga sokoni. Nikienda nyumbani napita kumsalimia. Huniitikia, "Marahaba mwanangu," na kunifungia majani ya maboga bila kuchukua hela. Sijawahi kuweza kuyala.

---

Dereva_Masafa:

Kijana wa Njombe, Mungu akutie nguvu.

Mama, mimi nitasema ya gari tu. Mwanao kajifunza Tegeta, tambarare tupu. Marangu kushuka Himo ni mteremko na kona. Gari ya otomatiki ukiiacha kwenye D unashuka kwa breki peke yake, breki zinapata moto, zinaanza kulegea. Inatakiwa uiweke gia ya chini, ile ya 2 au L, injini ikushikilie. Muulize mwanao kama anaijua L. Wengi wa Dar, hata watu wazima wenye leseni, hawajawahi kuigusa. Hilo ni kwa mtu mkavu. Na kwa mwendo wa 60 gari inakula kama mita 17 kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja ya kuchelewa ni nyumba nzima.

IST ni ya watu watano pamoja na dereva. Walikuwa sita, kwa hiyo mmoja hakuwa na mkanda, na ndiye aliyepakatwa, na ndiye aliyeumia mdomo. Mngesimamishwa na trafiki, kipima ulevi kingekuwa shida ndogo. Dereva hana leseni, umri haujafika, abiria wamezidi. Na angemgonga mtu, usitegemee bima ikae upande wenu.

Kingine, asubuhi. Mtu amekunywa mpaka saa nane usiku, analala, anaamka saa mbili, supu ya moto, maji baridi kichwani, anasema niko fresh, anashika usukani kwenda Dar. Nesi atanisahihisha.

---

Nesi_wa_Zamu:

Sikusahihishi, naongeza hesabu. Ini linapunguza kama miligramu 15 kwa saa, halina haraka. Aliyelala saa nane usiku akiwa na 150, saa mbili asubuhi bado ana 60. Supu inashibisha, maji yanaamsha, kahawa inafungua macho. Kilevi kilichomo kwenye damu hakiguswi na chochote kati ya hivyo. Ni muda tu.

---

Mzee_wa_Kirua:

Mama, umefikia wapi?

---

Mama_Tegeta:

Shikamoo mzee. Wadau wote, samahani kwa ukimya, ilichukua wiki mbili.

Nilianza kama alivyosema kijana wa Njombe. Jumapili jioni, tumekaa watatu barazani, mimi, mume wangu na yeye. Nilimsomea maandishi yote ya kijana huyo, kuanzia matawi mpaka majani ya maboga. Sauti ilinikatika mara mbili, baba yake akanipokea simu akaendelea kusoma yeye. Alipomaliza akarudi juu kwenye "baba ataniua", akasimama hapo. Akamuuliza mtoto, "Ulisema hivi?" Mtoto akaitikia kwa kichwa. Mume wangu hakusema neno. Alimshika kichwa kwa mikono miwili akakivuta kifuani, na mimi sijamwona akifanya hivyo tangu mtoto yuko darasa la kwanza.

Ahadi tumeiweka. Mwanangu akauliza, je, kama ni wewe baba uliyekunywa? Tulinyamaza. Mume wangu akasema, basi na mimi nitakupigia wewe, mama yako aje atuchukue wote. Sina hakika kama nimezoea kusikia hivyo ndani ya nyumba yangu, lakini nimesikia. Nami nimejisemea kwamba kata ile ya kwanza niliicheka mimi.

Shemeji ilikuwa ngumu zaidi. Mume wangu alimpigia, wakapandishiana sauti, simu ikakatwa. Siku ya tatu shemeji akapiga mwenyewe. Binti yake alikuwa amemwambia. Hakuwa anajua kabisa kwamba yale meno ya mtoto wake yalikuwa ni gari. Alilia, mtu mzima. Alikuwa amemkanya kwa miezi kumi asiwe anakimbia kwenye ngazi.

Halafu nikampigia mama mkwe. Niliogopa kuliko wote. Ana miaka 78 na mbege ile ni mikono yake. Nilizunguka na salamu mpaka akaniambia niseme nililonalo. Nikasema. Alikaa kimya, nasikia kuku nyuma yake. Akauliza ni migomba ya nani ile iliyovunjwa, nikamwambia sijui. Akasema yeye ataijua, na ataenda kuiombea radhi.

Kisha akaniambia tukifika Desemba, kabla ya mizigo kushushwa, funguo zote zipelekwe kwake. Magari yote, ya wanawe na ya wakwe. Atazifunga kwenye pindo la kanga yake na atalala nazo. Anayezitaka atakwenda kumsalimia kwa kuinama kama inavyotakiwa, naye atamnusa.

Nikamuuliza, na soda zikiisha usiku? Akasema, "Watakunywa maji, mwanangu. Maji yapo."